MTOTO NA RELI YA MBAO: TUSIUONE MCHEZO WAKE KUWA NI UPUUZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kamati ya msikiti wetu hapa Morogoro ilikaa baada ya Isha kujadili sanduku la mbao. Ndiyo, sanduku. Ndani yake mna vipande zaidi ya 70 vya reli ya kuchezea, madaraja mawili, vichwa vitatu vya treni na mabehewa tisa. Fundi seremala wa mtaani kwetu alivichonga kutokana na mabaki ya mninga na msonobari, akavitoa sadaka kwa watoto wa darasa la wadogo la madrasa, wale wa miaka minne hadi sita. Kila siku wakishamaliza somo lao baada ya Asr, ustadhi huwaacha barazani nusu saa wacheze na reli zao.

Baadhi ya wazazi hawakuridhika. Mmoja alisimama akasema, "Sheikh, mimi namleta mwanangu asome Qur'an. Treni si angecheza nyumbani?" Wazazi wawili walikwishawahamisha watoto wao. Kamati ikaniuliza: sanduku libaki au liondoke?

Niliwajibu palepale, lakini niliahidi kuandika, maana swali hili si la msikiti wetu peke yake. Najua kuna mzazi unayesoma hapa ambaye ukimkuta mwanao wa miaka minne amejilaza sakafuni anasukuma kigari, moyoni unasema: huyu anapoteza muda. Basi nisome kwa utulivu.

Tuanze na Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, naye alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Yule ndege alipokufa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza mtoto habari za ndege wake, kwa upole na kwa kumtania. Fikiri, ndugu yangu. Mtume aliyebeba mzigo wa ummati mzima alipata nafasi ya kuulizia mchezo wa mtoto. Na katika Sunan Abi Daud imo habari ya Bibi Aisha (r.a.) na vinyago vyake, kikiwemo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume alipouliza farasi gani huyu mwenye mbawa, Bibi Aisha akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.). Mtume alicheka sana. Hakukitupa kile kinyago wala hakumkemea.

Iko na nyingine ambayo wengi hatuisikii kwenye mimbari. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) alisimulia kuwa walipokuwa wakiwafundisha watoto wadogo kufunga siku ya Ashura, waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akilia njaa hupewa kile kitu, akashughulika nacho mpaka jua lizame. Hii nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo masahaba wenyewe waliuweka mchezo ubavuni mwa ibada, na mchezo ukamsaidia mtoto kuifikia ibada.

Tena kumbukeni kuwa hata Swala, iliyo nguzo ya dini, tumeagizwa tuwaamrishe watoto wafikapo miaka saba. Huyu wa miaka minne tunamzoesha kwa upole. Naye Imam Ghazali katika Ihya Ulumid-Din alisema mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri apumzike, kwa sababu kumzuia kucheza na kumkalisha kwenye masomo daima kunaua moyo wake na kufifisha akili yake. Aliyesema hayo alifariki mwaka 1111. Si maneno ya wazungu wa juzi.

Sasa nije kwenye reli yenyewe. Mimi nimezaliwa Tabora, mji wa reli. Pale ndipo njia inapogawanyika, moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Utotoni tulifunga viboksi vya viberiti kwa uzi tukaviita mabehewa, tukachora reli mchangani kwa kijiti. Lakini kitu alichochonga fundi huyu kinafundisha zaidi ya viberiti vyetu, na mimi nimekaa pale barazani na tasbihi yangu nikitazama jioni nyingi. Nitakutajieni niliyoyaona.

La kwanza ni mikono. Kila kipande cha reli kina kichwa upande mmoja na tundu upande wa pili. Kukiingiza kichwa kwenye tundu kunataka vidole viwili vitulie na jicho lipime. Mabehewa nayo yana ndoano na pete za waya. Mtoto wa miaka minne hutoa ulimi nje kwa juhudi anapounganisha ndoano hizo! Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu kuandika alif na be. Mtoto ambaye vidole vyake havijapata nguvu, ukimpa kalamu mapema unampa adhabu.

La pili ni kipimo. Fundi wetu alikata kila kipande cha kona kwa digrii 45, kwa hiyo vipande 8 vinafanya duara kamili, maana 8 mara 45 ni 360. Mtoto hajui digrii. Lakini anajua kuwa vipande saba havitoshi na vya tisa havina nafasi. Halafu kila kipande kina mifereji pande zote mbili, ukikigeuza juu chini kona ya kushoto inakuwa ya kulia. Siku mtoto anapoligundua hilo, usoni kwake unaona kama taa imewashwa. Anajifunza pia maneno: juu ya daraja, chini ya daraja, mbele, nyuma, katikati, karibu, mbali. Maneno hayo ndiyo mlango wa hesabu.

La tatu, nalo kwangu ndilo kubwa, ni kuitafuta kasoro ilikoanzia. Watoto hujenga reli ikazunguka baraza, wakifika mwisho ncha mbili zinakataa kukutana. Zimebaki vidole viwili. Watavuta, watasukuma, mmoja atapiga ngumi, na reli itaachia mahali pengine kabisa. Mtoto mdogo hulaumu kipande cha mwisho. Yule aliyecheza miezi miwili harudii kipande cha mwisho; anarudi nyuma kipande kwa kipande mpaka aone pale kilipowekwa cha kona badala ya kilichonyooka. Anarekebisha pale, na mwisho unafungika wenyewe.

Ndugu yangu, wangapi miongoni mwetu watu wazima tunalijua hilo? Mke na mume wananijia wamegombana kwa ajili ya chumvi kwenye mchuzi. Wallahi si chumvi. Chumvi ni kipande cha mwisho. Ukirudi nyuma nao taratibu, unakuta neno lililosemwa harusini miaka sita iliyopita, halikuombewa radhi. Kijana wa miaka 16 anaacha Swala, baba anapiga kelele kwenye kipande cha 16, wakati kasoro ilikuwa kwenye kipande cha saba. Mtoto anayezoea kurudi nyuma na kutafuta chanzo bila kulia wala kumsingizia mwenzake, huyo anafundishwa muhasaba kabla hajaijua herufi ya kwanza ya neno lenyewe.

La nne ni kuziba mwanya. Vipande viwili vikiachana kidogo tu, gurudumu linatumbukia na treni inalala ubavu. Siku moja ustadhi alikuwa akiwapanga wadogo kwa ajili ya Swala ya Magharibi, wamekaa hovyo kama mbuzi mnadani. Akawaambia, "Jamani, reli imeachana!" Wakasogeleana bega kwa bega palepale. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kunyoosha safu na kuziba nafasi, na watu wazima bado tunaambiwa kila Swala. Wadogo wetu wameelewa kwa sababu wameshaona treni ikianguka.

La tano ni kungojana. Reli ni moja, vichwa vya treni vitatu, watoto kumi na mbili. Hapo kuna mtihani. Treni mbili zikikutana uso kwa uso, hakuna ya kupita juu ya mwenziwe. Mmoja lazima arudi, au wajenge njia ya pembeni. Hata kwenye reli ya kweli ya njia moja ndivyo ilivyo. Treni mbili hazipishani katikati ya pori, moja hungoja stesheni mpaka nyingine ipite. Tulipokuwa wadogo, abiria walinung'unika treni ikisimama muda mrefu stesheni, lakini mzee mmoja alikuwa akisema, "Anayengoja ndiye anayewaokoa wote." Watoto wetu mwanzo walinyang'anyana na kuumana. Ustadhi hakuwafokea, aliwauliza tu: "Mnafanyaje ili kila mtu afike?" Wakatunga sheria yao wenyewe: treni iliyobeba wagonjwa inapita kwanza. Sasa kila treni ina wagonjwa, lakini hilo tutalishughulikia polepole inshaAllah.

La sita ni amana. Muda ukiisha kila kipande hurudi sandukuni, na huhesabiwa. Kikikosekana wanatafuta wote. Hakuna anayekwenda nyumbani na kipande mfukoni akaona ni kitu kidogo.

Na la saba ni yale yaliyomo moyoni mwa mtoto. Hapa naomba mnisome kwa makini. Nitamstiri mtoto huyu. Simtaji jina, na baadhi ya mambo nimeyaficha.

Alikuja madrasa akiwa na miaka mitano, analelewa na bibi yake. Kwa wiki nyingi hakusoma wala hakusema. Ukimwita anatazama chini. Baadhi ya wenzake walianza kumwita bubu, na kuna mtu mzima aliyesema mtoto huyu ana kichwa kizito, arudishwe nyumbani. Kwenye reli alikuwa akikaa pembeni. Jioni moja akachukua vipande vilivyonyooka peke yake, hakutaka kona hata moja, akavipanga mpaka kizingitini, kisha akavipitisha nje ya mlango. Ustadhi akachutama kando yake akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, reli hii inakwenda wapi?" Mtoto akajibu, "Maskati. Kumchukua mama."

Mtoto mwenziwe, bila nia mbaya, akamwambia treni haifiki Maskati, kuna bahari. Yule mtoto akanyamaza, akafikiri, kisha akanyoosha mkono: "Naomba daraja."

SubhanaAllah! Ustadhi hakucheka. Alimpa madaraja yote mawili.

Mama yake alikuwa amekwenda kufanya kazi za nyumbani huko Oman kwa mkataba wa miaka miwili, na nyumbani watu wazima walikubaliana wasimtaje mbele ya mtoto ili asilie. Walidhani wanamhurumia. Mtoto akafahamu kuwa mama ni jambo lisilosemwa, basi akaacha kusema kabisa. Tulizungumza na bibi. Siku hizi mama anapiga simu kila Alhamisi, na mtoto anamsimulia alivyojenga reli. Amefika Suratul-Fil kwa kuhifadhi. Bado ana siku zake za kunyamaza, na mama bado yuko mbali, hatujaweza kulibadilisha hilo. Lakini sasa tunajua anachobeba. Nawauliza wazazi wenzangu: tungelijua kwa njia gani? Kwa fimbo? Mtoto wa miaka mitano hana maneno ya kukueleza huzuni. Anaipanga sakafuni, kisha anangoja aje mtu aulize reli hii inakwenda wapi.

Naongeza jambo moja, linatuhusu sisi wenye nyumba. Ndugu mmoja alituletea reli za plastiki kutoka sokoni, Allah amlipe kheri. Watoto wakazigombania, kisha wakaduwaa: treni ya fundi haiingii kwenye reli ile. Upana umetofautiana kidogo tu. Nikawasimulia kuwa nchi yetu inalijua tatizo hili. Reli ya kati ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, upana wake ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inayokwenda mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia kwa mwendo wa kilomita 1,860, upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, hazifiki hata kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa sababu ya hizo 67 behewa haliwezi kuvuka kutoka reli hii kwenda ile. Pale Kidatu zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Na hii SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa Morogoro mwaka 2024 ni milimita 1,435, upana mwingine tena.

Ndivyo zilivyo nyumba zetu. Baba ana upana wake, mama ana wake. Baba akisema hapana, mama anasema chukua, usimwambie baba. Tofauti wanaiona ndogo. Lakini mtoto ndiye mzigo, kila siku anashushwa huku na kupakiwa kule. Baba na mama, kaeni usiku watoto wakilala, mkubaliane upana mmoja. Mkihitilafiana, hitilafianeni chumbani, asubuhi mtoto akute reli moja.

Na kwa wale wanaosema treni si mambo ya dini, niwakumbushe reli ya Hijazi. Sultan Abdulhamid wa Pili aliitangaza mwaka 1900 na ilifika Madina mwaka 1908 kutoka Damascus, kwa umbali wa takriban kilomita 1,300, ili kuwapunguzia mahujaji mashaka ya safari ya jangwani. Waislamu wa nchi nyingi waliichangia kwa mali zao. Na tangu mwaka 2018 mahujaji wanapanda treni ya kasi kati ya Makka na Madina. Nyuma ya njia zile wapo wahandisi na mafundi, na kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto. Umma unaotaka wahandisi usiwanyang'anye watoto vijiti vyao.

Sasa nasaha za kutenda.

Usiingie israfu. Reli za mbao za dukani, kama za BRIO ya Sweden wanaouza treni za aina hiyo tangu mwaka 1958, ni nzuri lakini zina bei. Seremala wa mtaani akipewa kipimo anaweza. Mwambie apige msasa vizuri pasibaki kibanzi, na asipake rangi usiyoijua, maana rangi yenye madini ya risasi ni sumu kwa mtoto. Huna hata hiyo? Mabua, vifuniko vya chupa na mchanga vinatosha.

Angalia usalama. Treni nyingi za dukani huungana kwa sumaku. Sumaku iliyochomoka isiachwe hata dakika moja. Mtoto akimeza mbili zinavutana tumboni na zinaweza kutoboa utumbo. Akimeza, mkimbize hospitali, usingoje. Na wa chini ya miaka mitatu asipewe vipande vidogo.

Usimjengee. Baba wengi tukikaa tunataka tujenge sisi, mtoto awe saidia fundi. Mwache akosee, reli ikatae, atafute. Akikuomba msaada, muulize kabla hujamwonyesha.

Muda wa Swala ukiingia, mchezo unasimama. Mpe taarifa kabla, "treni ifike stesheni, adhana imekaribia," usimkatizie ghafla. Hivyo atajua mchezo una mahali pake na Swala ina mahali pake, na hazina ugomvi.

Na simu usiifanye badala ya vyote hivi. Treni ya kwenye kioo haianguki, na ikianguka mtoto hafanyi kitu. Hakuna kipande cha kurudi nacho nyuma.

Kamati imeamua sanduku libaki mpaka Mfungo Tatu, kisha tutakaa tena tutazame kuhifadhi kwa watoto kumepanda au kumeshuka. Ni uamuzi wa insafu na nimeukubali. Wale wazazi wawili nimewapigia simu. Mmoja amesema atafikiri. Mwingine bado amekasirika, nami namwombea, kwa sababu hasira yake ni ya mtu anayeitakia kheri Qur'an kifuani mwa mwanawe. Hatugombani na mtu kama huyo.

Ewe Mola wetu, tulelee watoto wetu, maana sisi ni wanyonge wa kulea. Wape akili inayotafuta chanzo, mikono yenye uaminifu, na subra ya kungojana. Walio mbali na wazazi wao kwa sababu ya riziki, wakutanishe nao katika afya na heshima. Jaalia Qur'an iwe nuru ya vifua vyao na furaha ya utoto wao, isiwe mzigo wa kuogopwa. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq.

Ukiona lina faida mfikishie mzazi mwenzio. Na leo jioni, mwanao akiwa sakafuni, chutama umuulize anakwenda wapi.